Pistoni Yenye Tundu

Asubuhi moja ya Februari niliua injini katikati ya ziwa. Ziwa lenyewe ni Lake of the Woods, kaskazini kabisa mwa Minnesota, mpakani na Kanada, na siku hiyo kipimajoto cha nje ya dirisha la jikoni kilisoma nyuzi 33 chini ya sifuri. Nilikuwa nakwenda kuvua. Msishangae. Huku mtu anapanda pikipiki ya theluji, ile inayosukumwa na mkanda wa raba badala ya magurudumu, anakwenda nayo juu ya maji yaliyoganda, anatoboa barafu kwa keekee kubwa, anakalia ndoo na kutumbukiza mshipi tunduni. Mimi ni mtoto wa Pangani, nimekulia kwenye boti, kwa hiyo kati ya mambo yote ya nchi hii hilo ndilo nililolielewa haraka.

Nilibonyeza mafuta hadi mwisho na kuyashikilia hapo. Injini ikalia vizuri kuliko siku zote, sauti kali, safi, haina kikohozi. Nikajisemea, leo baridi imeipenda. Baada ya dakika kama nne sauti ikageuka, ikawa ya mtu anayetikisa misumari kwenye kopo, kisha ikazima. Nikavuta kamba ya kuwashia. Aliyewahi kuvuta kamba ya mashine ya boti anajua mkono unatarajia nini. Hii ilikuja kwa kuruka: inakaza, inalegea, inakaza, inalegea. Silinda moja ilikuwa bado hai, ya pili ilikuwa tupu.

Jamaa aliyekuwa anavua jirani alinifunga kamba akanivuta mpaka nchi kavu. Njia nzima nilikuwa nimeshatoa hukumu kichwani: baridi imeiua.

Fundi ninayemtegemea hapa ni mzee wa miaka sabini na kitu. Kila mtu mjini, hata watoto wa shule, wanamwita kwa jina lake la kwanza. Ulimi wangu ulikataa. Tangu siku ya kwanza nilimwita Mzee, nikamweleza maana yake, na siku hizi akinipigia simu anajitambulisha hivyo hivyo, "Mzee hapa," kwa lafudhi ambayo sitajaribu kuiandika. Hakuanza kwa kufungua injini. Alichomoa plagi mbili, akaziweka kiganjani chini ya taa. Moja ilikuwa na rangi ya ganda la korosho, ile rangi anayoitaka fundi yeyote. Nyingine ilikuwa nyeupe kama chaki, na juu ya ule weupe palikuwa na chembe ndogondogo zinazometameta. Akaniuliza kama naziona. Nikasema naziona. "Hiyo ni pistoni yako," akasema.

Alipoinua kichwa cha silinda tukaikuta pistoni ina tundu, upande wa ekzosi, linaloingiza ncha ya kidole cha shahada. Kingo zake zilikuwa zimejikunja kuingia ndani kama nta ya mshumaa. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660. Yaani katika asubuhi ambayo kope zangu zilikuwa zinagandana, ndani ya silinda, sentimita chache kutoka magotini mwangu, chuma kilikuwa kinatiririka.

Hii ndiyo imani ninayoisikia kuliko zote kuhusu injini za pikipiki za theluji, na niliiamini mimi mwenyewe: kwamba adui wao ni baridi, na kwamba joto haliwezi kuwa tatizo kwa kuwa nje kuna barafu. Kinyume chake ndicho kweli. Nyingi ya injini nilizoziona zimekufa kwenye gereji ya Mzee zimekufa kwa joto, na baridi ndiyo iliyowasha moto.

Sababu ni rahisi ukiambiwa. Hewa baridi ni nzito. Linganisha hewa ya Pangani mchana wa nyuzi 30 na hewa ya ziwani kwetu kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri: katika ndoo moja ileile, hii ya huku ina oksijeni zaidi kwa karibu robo nzima. Injini inavuta ndoo kwa ndoo. Kabureta, kile kifaa kinachochanganya hewa na mafuta, haijui kwamba ndoo ya leo ni nzito. Ina jeti, kitundu cha shaba, kinachopitisha mafuta kwa ukubwa wake uleule. Matokeo yake ni hewa nyingi na mafuta kidogo, na mchanganyiko wa namna hiyo unaunguza. Mafuta yaliyotakiwa kuipoza pistoni hayapo. Ndiyo maana mafundi wa huku hubadilisha jeti kufuata kipimajoto: kubwa baridi ikizidi, ndogo siku ikipata joto. Aliyeniuzia ile pikipiki alikuwa anaishi Iowa, kusini zaidi, na jeti alizokuwa ameziweka zilikuwa za baridi ya adabu. Sikuuliza. Na ile sauti kali iliyonifurahisha ziwani ni sauti ya injini yenye njaa ya mafuta. Hulia vizuri sana kabla ya kufa.

Pikipiki za sasa zenye mfumo wa sindano za mafuta zina vihisi vinavyopima joto la hewa na kurekebisha zenyewe, kwa hiyo habari hii ya jeti haiwahusu wenye mashine mpya. Lakini soko la mitumba huku limejaa kabureta, na mgeni mwenye mshahara wa mgeni hununua mtumba.

Kuna kifo kimoja ambacho baridi ina mkono wake waziwazi. Mtu anawasha, anaondoka papo hapo kwa kasi. Pistoni inapata moto sekunde hiyohiyo na kutanuka, wakati silinda inayoizunguka bado ni baridi na imesinyaa. Nafasi kati yao, ambayo hata karatasi inapita kwa taabu, inaisha. Pistoni inang'ang'ania. Ukiifungua unakuta mikwaruzo minne, imepangana kuizunguka kama alama za kucha. Mzee anaziita "saini." Dawa yake ni subira tu: iache ingurume mpaka maji yapate uvuguvugu, kisha nenda taratibu kilomita mbili tatu. Lakini hapo pia, angalia, kilichoua ni tofauti ya joto kati ya vyuma viwili. Nyuzi za kwenye kipimajoto peke yake hazijawahi kuvunja pistoni.

Na kuhusu kupozwa. Pikipiki nyingi za theluji hazina radieta ya mbele kama gari. Maji ya injini huzungushwa kwenye vipozeo vya alumini vilivyo chini, juu ya mkanda mpana wa raba unaoisukuma, na mkanda huo unaporusha theluji juu ndipo vipozeo vinapopata ubaridi. Mjomba wangu alielewa hili kwa sekunde moja nilipomweleza kwenye simu. "Kumbe ni mashine ya boti!" Ndiyo. Mashine ya boti hunywa maji ya bahari ili ipoe. Ukiiwasha ikiwa juu ya gogo mchangani, itachemka. Pikipiki hii hunywa theluji. Upepo ukifagia ziwa na kuacha barafu tupu inayong'aa, hakuna cha kurushwa, na taa ya joto inawaka katikati ya nchi iliyoganda. Watu hufunga vikwaruzo, fimbo za chuma zenye springi zinazoburuzwa kwenye barafu na kuitimua vumbi ili vipozeo vipate chochote. Nilipoviona mara ya kwanza nilidhani ni vyuma vilivyokatika.

Mjomba naye ana imani zake, na nyingine zimefika Minnesota bila viza. Hizi injini nyingi ni za mipigo miwili, ndugu wa damu wa zile mashine za Yamaha Enduro zinazosukuma boti za wavuvi wa pwani yetu. Hazina sampo ya oili. Oili huingia pamoja na mafuta na kuungua humohumo. Pangani hesabu ilikuwa moja kwa hamsini: dumu la lita 20, oili mililita 400. Mjomba alikuwa anapima kwa chupa ya soda, kisha anaongeza "kidogo ya baraka" ili mashine isikauke. Kila baada ya siku chache plagi inalowa, tunazimika karibu na mkondo, yeye anatukana plagi, mimi napiga kasia.

Huku wanasema hivyohivyo. Ongeza oili, injini itadumu. Pikipiki nyingi zina pampu yake ya oili, lakini bado utamkuta mtu anachanganya na kwenye tangi juu ya pampu. Tatizo la kwanza ni masizi: ringi za pistoni zinagandiana kwenye mifereji yake, na vali za ekzosi, zile zinazofunguka na kufunga kufuata kasi ya injini, zinanata. Tatizo la pili ndilo lililonishangaza. Kwenye kabureta, kila tone la oili lililozidi limechukua nafasi ya tone la petroli pale kwenye jeti. Oili nyingi ni petroli chache. Yaani anayeongeza oili kwa woga wa kuunguza pistoni anaisogeza pistoni jirani na moto. Nilimweleza Mjomba. Akanyamaza, kisha akasema maji ya huko ni tofauti.

Imani nyingine kubwa ni kwamba injini ya mipigo miwili haidumu, ni kitu cha misimu miwili utupe. Nitasema nilichoona, na wenye mipigo minne mnivumilie. Kwa kasi yake ya kazi, mizunguko 8,000 hivi kwa dakika, pistoni inapanda na kushuka zaidi ya mara 130 kwa sekunde, na kila mzunguko una mlipuko wake. Bila shaka ringi zitachakaa. Lakini kule juu, kwenye kichwa cha silinda, hakuna vali wala kamshafti ya kuzifungua. Fundi mwenye benchi safi anabadilisha pistoni na ringi kwa siku moja, na injini inaanza maisha. Wanaosema "imekufa" mara nyingi wanamaanisha kazi ambayo fundi wa boti Pangani angeifanya chini ya mwembe huku akisikiliza mpira redioni. Kinachouma ni beringi za krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, zikiharibika, maana hapo unafungua kila kitu.

Na tukumbuke historia kidogo. Aprili 1968 muuza bima wa hapahapa Minnesota, Ralph Plaisted, alifika Ncha ya Kaskazini na wenzake wachache kwa pikipiki za Ski-Doo, zenye injini za mipigo miwili ambazo leo ungezidharau kwenye mashine ya kufyekea nyasi. Ndege ya jeshi la anga la Marekani ilithibitisha mahali walipokuwa. Wengine waliodai kufika kabla yao kwa kupita juu ya barafu wanabishaniwa mpaka leo. Safari ya Plaisted haibishaniwi.

Mji ninaoishi uko jirani na Roseau, ilikozaliwa Polaris, kampuni ya pikipiki za theluji, miaka ya 1950, na ukienda kusini kidogo uko Thief River Falls, nyumbani kwa Arctic Cat, kampuni nyingine ya pikipiki hizo. Kwa hiyo hapa ubishi wa injini si wa kupitisha muda tu. Ni kama Simba na Yanga, isipokuwa timu zilikuwa nne na mashabiki wana bisibisi. Upande mmoja umeshika mipigo minne. Yamaha ilitoa RX-1 kwa msimu wa 2003, ikiwa na injini iliyotokana na ya pikipiki yao ya barabarani, na ubishi ukawaka moto ambao haujazimika. Injini zile zinadumu, sina neno. Lakini ni nzito, na uzito kwenye theluji laini ya kina cha kiuno si suala la ladha. Inazama, na wewe ndiye utakayeichimbua. Mwaka 2023 Yamaha ikatangaza kwamba inaacha kabisa kutengeneza pikipiki za theluji, toleo la mwisho likiwa la 2025. Siku hiyo Mzee alifunga gereji saa nane mchana. Yeye si shabiki wao hata kidogo. Alisema tu amechoka.

Sasa nije kwenye jambo ambalo, kama ningekuwa na gereji, lingenitajirisha. Mteja anakuja: injini yangu imeishiwa nguvu. Msimu uliopita kwa Mzee tulipata wa namna hiyo wengi, na karibu wote injini zao zilikuwa nzima. Pikipiki hizi hazina gia za kubadilisha kwa mguu. Zina klachi mbili za puli na belti katikati, mfumo ule wa skuta. Kasi ikipanda, vizito vya ndani ya puli ya mbele vinasukumwa nje, puli inabana, belti inapanda juu yake na uwiano unabadilika. Kila kitu hapo kimepimwa ili injini ikae kwenye mizunguko inayotoa nguvu yake yote. Belti ikisagika milimita mbili tu upana, inakaa chini zaidi kwenye puli, na mwendo wa kuondoka unakufa. Springi ikichoka, hivyohivyo. Mwenye pikipiki anaona injini haivuti, anakwenda kununua bomba la ekzosi la bei ya mahari.

Namkumbuka kijana mmoja. Alikuwa amebadilisha bomba, ameondoa boksi la hewa ili "ipumue," amenunua petroli ya oktani ya juu ya mbio. Kelele zake ulizisikia kutoka barabara kuu. Bomba la mipigo miwili si filimbi ya kupitishia moshi. Lile tumbo lake limepimwa ili wimbi la shinikizo lirudi na kuirudisha silindani hewa mbichi iliyotaka kutoroka, na hufanya hivyo kwenye kasi fulani tu. Ukiweka la umbo jingine umehamisha hiyo kasi, klachi hazina habari. Ukiondoa boksi la hewa umeongeza hewa bila kuongeza mafuta, na hapo ninyi wasomaji mnajua mwisho wake, maana nimewaonyesha pistoni. Oktani ya juu nayo haina nguvu ya ziada ndani yake. Huzuia petroli isilipuke kabla ya wakati, basi. Kama injini yako haiihitaji, umewapa wenye kituo sadaka. Mzee alimvulia vyote, akamwekea belti mpya ya kawaida. Pikipiki ikaruka. Kijana hakufurahi, nadhani kwa sababu ya kelele.

Milimani ni habari nyingine, na siko huko, kwa hiyo nitapita haraka: kila mita 300 unazopanda injini ya kawaida inapoteza takriban asilimia 3 ya nguvu, na jeti zinatakiwa kuwa ndogo, si kubwa. Ndiyo maana Ski-Doo walipoleta injini ya mipigo miwili yenye tabo (turbo, kifaa cha kusukumia hewa zaidi injini) kutoka kiwandani, toleo la 2020, watu wa Wyoming na Colorado walishangilia. Sisi wa ziwani tuliangalia picha.

Petroli yenyewe ina kisa chake. Minnesota, kwa sheria, petroli ya kawaida huchanganywa na ethanoli kama asilimia 10, pombe ya mahindi. Ukipenda iite gongo. Kuna msamaha: unaruhusiwa kununua isiyo na pombe kwa ajili ya boti, magari ya kale na pikipiki za theluji. Wako wanaoapa kwamba pombe inaharibu injini usiku mmoja, na wako wanaosema haina neno. Ninavyoona, ukiijaza leo ukaimaliza kesho, haina neno. Ukiiacha tangini tangu Machi mpaka Novemba, pombe inavuta unyevu wa hewani, mwishowe inajitenga na kushuka chini pamoja na maji, na hicho ndicho kinywaji cha kwanza cha kabureta yako msimu ukianza.

Msimu wa joto, kwa kweli, unaua zaidi kuliko Januari. Wako wanaoiwasha kila mwezi dakika tano "ili isilale." Dakika tano hazitoshi kuipasha injini joto la kukausha, mvuke wa kuungua kwa petroli unageuka maji humo ndani, unakaa kwenye beringi za krenki, na kutu haina likizo. Bora iache. Ipulizie oili ya kuhifadhia mwisho wa msimu, injini ikiwa inanguruma, mpaka itoe moshi wa kumkera jirani, uizime, uifunike. Na uzibe bomba la ekzosi kwa kitambaa. Panya wa huku hujenga. Mwaka juzi tulitoa kwenye boksi la hewa kiota chenye sufi ya kiti, sindano za msonobari, na risiti nzima ya duka la chakula, bado inasomeka.

Ile pistoni yangu Mzee aliiosha kwa petroli, akaifunga kwenye gazeti, akanipa. Nilipokwenda nyumbani nikaitia kwenye sanduku. Uwanja wa ndege waliipitisha kwenye mashine mara mbili. Nilimpa Mjomba barazani, baada ya shikamoo na marahaba na habari za wote. Akaigeuzageuza, akapitisha kidole tunduni, akaiinua na kuichungulia bahari kupitia humo. Nikaanza maelezo tangu mwanzo: hewa nzito, jeti, mafuta kidogo, nyuzi 660. Alinisikiliza vizuri sana. Aliuliza hata swali, kwamba je, ningechanganya oili zaidi?

Sasa anaitumia kuzuia mlango wa stoo ya nyavu usibamizwe na kusi. Dada yangu ananiambia kila mgeni akiiulizia, Mjomba huiokota, humwonyesha tundu, na kusema kwa huzuni: "Hii ya mjomba wangu wa Marekani. Ilikufa kwa baridi."